Wafu wa Madamu

Miaka ile, vita vimekwisha na njaa bado haijaaga, Ulaya nzima ilishikwa na wazimu mmoja: hakuna aliyeamini kwamba mguu wa mtu wa kwao unaweza kucheza baleti. Baleti ilikuwa ya Warusi, basi. Binti wa mchinja nguruwe kule Liverpool alijibatiza upya, akatoka na jina refu la Kirusi lenye mkia wa -ova, na wiki hiyo hiyo akarushiwa maua. Wa Marseille hivyo hivyo, wa Antwerp hivyo hivyo. Mabwana waliokalia viti vya mahameli hawakuwa na macho ya kutazama ngoma. Walikuwa na masikio ya kusikilizia majina. Leo ukiwakumbusha wanacheka, wanasema hawakumbuki. Kusahau ni anasa ya aliyeshiba.

Napoli nayo haikupona, na aliyekuwa na sababu ya kuogopa kuliko wote ni Ersilia Cacace.

Ersilia alikuwa mchezaji wa safu ya nyuma. Leo bata maji, kesho mzimu wa bibi harusi, keshokutwa chembe ya theluji, lakini siku zote wa mwisho upande wa kushoto, pale mwanga wa taa unapochoka. Alikwisha kuvuka thelathini, umri ambao kwa mchezaji ni uzee, na nyumbani alikuwa na mama mgonjwa wa kifua na chungu kisichokuwa na mtu mwingine wa kukijaza. Tena alikuwa mtu wa shaka. Mapadri walimwambia Mungu atatoa, Wajerumani walimwambia hawatakaa, Wamarekani walimwambia unga uko njiani. Tangu hapo, ukimwambia Ersilia leo ni Jumapili, alikwenda kwanza dirishani kusikiliza kengele.

Sasa Komendatore Ravasio, mkurugenzi wa jumba la baleti, mtu wa kaskazini mwenye kucha zilizong'arishwa, alikuwa ameleta mwalimu mpya. Ludmila Arkadyevna. Kola ya manyoya, fimbo ndefu nyeusi, na lugha iliyovunjikavunjika kama sahani. Wote walitakiwa kumwita Madamu. Msimu ukifika mwisho, akatangaza Komendatore, Madamu atawaondoa wanne kwenye safu, kwa ajili ya sanaa. Sanaa! Kila wanapotaka kumnyang'anya mtu mkate wake, kisu chao hukiita sanaa.

"Yule si Mrusi," alisema Ersilia chumba cha kuvalia, akishona utepe wa kiatu.

"Haya, kaanza," alisema Titina, jirani yake wa safu, msichana mrefu mwenye ulimi mrefu zaidi. "Juzi ulisema padri si padri."

"Na si alikamatwa, yule padri wa bandia? Niambie. Tazama Madamu anavyokunywa ile chai yake ya Kirusi, ya jemu. Anafumba macho kama anayemeza shubiri. Jana muuza taralli, vile vikate vya kwetu Napoli, alipopita chini, pua yake ilifika dirishani kabla ya yeye mwenyewe."

"Shoga, hata mbwa hugeuza pua kwa taralli, kwa ile pilipili manga na mafuta ya nguruwe. Mbwa naye utasema ni Mrusi wa bandia?"

"Na akikataa jambo je? Watu wa ng'ambo hutikisa kichwa. Yeye anainua kidevu, anafyonya kidogo. Kama mama yako."

"Muache mama yangu. Madamu kakaa na sisi tangu mavuno ya zabibu. Hata nyani huiga." Wasichana wakacheka, na Titina akainama kama anayetoa baraka. "Hofu ya kufukuzwa imekupanda kichwani, mwenzangu. Fanya mazoezi."

Ersilia hakufanya mazoezi. Alifikiri. Mtu wa Napoli unaweza kumwita mwizi, akacheka akakununulia kahawa. Unaweza kumtukania mkewe, mkarushiana viatu, jioni mkapatana. Lakini usiguse wafu wake. Wafu wake ndio anaowawashia taa, ndio anaowaomba wamwonyeshe namba za bahati nasibu ndotoni. Ukiwatukana hao, hakuna Mnapoli aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kumeza.

Kesho yake ilikuwa zamu yake kunyunyiza maji. Sakafu ya mazoezi hunyunyizwa kwa kopo la bustani ili miguu isiteleze. Alinyunyiza, akafika pale Madamu aliposimama na fimbo yake, akainama, na kwa lafudhi nzito ya vichochoroni akamnong'oneza sakafuni:

"Walaaniwe wafu wako wote, waliozikwa na wasiozikwa."

Fimbo haikukosa mdundo. "Na moja, na mbili," alisema Madamu, akitazama goti la mtu mwingine. Hata kope haikucheza. Titina, aliyesikia kila neno, alijiuma mkono asicheke.

"Umeona?" alimwambia wakipishana. "Hakuelewa kitu. Mrusi wa watu huyo. Mwombe radhi kwa Kirusi."

Ersilia akachukua kopo lake akaenda kulijaza bombani, mwisho wa ujia, nyuma ya stoo ya mandhari zilizochorwa. Alikuwa anafungua maji pale mkono ulipotoka gizani ukamshika sikio na kulisokota kama mtu anayekamua nguo.

"Wafu wangu wamekukosea nini, we mwana wa kisirani? Eh?" Sauti ilikuwa ya chini, safi, ya mtaa wetu wa Sanità kabisa, ile inayotokea puani. "Baba yangu bomu lilimkuta na beseni lake la utumbo mkononi, hata mfupa hatukupata wa kuzika! Wasiozikwa, unasema? Na wewe unamtukana huku umeshika kopo la maua!"

Sikio liliwaka moto, lakini moyo wa Ersilia ulipiga kigelegele.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe Sanità."

Madamu akaliachia sikio. Alisimama akihema, kola ya manyoya imekwenda upande, na kwa mara ya kwanza alionekana na umri wake. "Vicenza Capuozzo," alisema. "Binti wa muuza utumbo. Haya, kimbia kawaambie."

"Kwa nini umejifanya Mrusi?"

"Kwa nini! Nimecheza safu ya nyuma Genova ujana wangu wote kwa jina alilonipa baba. Hakuna aliyeniuliza hata saa ngapi. Nikavaa jina la Kirusi, wakaanza kuniuliza siri za sanaa. Sasa mwongo ni mimi au ni wao?"

"Mwongo ni wewe. Wao ni wajinga wenye fedha, hiyo kesi nyingine." Ersilia alilisugua sikio. "Nataka asiondolewe mtu."

"Ravasio amekwisha kunitajia majina. Kazi yangu ni kuyatamka tu, yasikike yametoka Urusi."

"Langu limo?"

Vicenza akanyoosha mkono akafunga bomba.

"Dada, nakuuliza. Limo?"

"Ndilo la kwanza."

"Basi nikianguka, unaanguka."

"Nami nikianguka, ataletwa mwingine. Labda Mrusi wa kweli. Huyo hatachuja wanne, huyo atafagia safu yote. Hilo umelifikiria?"

Hakuwa amelifikiria. Walitazamana kama paka wawili ukutani na kichwa cha samaki katikati. Hawakupeana mkono, hawakuapa. Vicenza akaiweka sawa kola yake, akanyoosha mgongo, na alipogeuka kuondoka alikuwa tayari Ludmila Arkadyevna.

Tangu siku hiyo Ersilia hakupata usingizi wa maana. Kumwambia Titina hakuthubutu. Mdomo wa Titina ulikuwa mlango wa soko. Kumwamini Vicenza hakuweza. Angemtoa wa kwanza, alijiambia, na nani atamsikiliza mchezaji aliyefukuzwa? Watasema ni uchungu. Kwa hiyo akajiandaa. Jina lake likitajwa tu, atalipaza lile jingine kwa mapafu yote, Vicenza Capuozzo, binti wa muuza utumbo, hata vioo vya ukumbi vilisikie. Alilitembeza mdomoni kama mtu anayetembea na kisu.

Siku ikafika. Safu nzima ilipangwa ukumbini. Mbele waliketi Komendatore, bwana mmoja wa gazeti, na Baronesa aliyevaa mbweha mzima shingoni, macho ya kioo na yote, wakati mamake Ersilia alikuwa nyumbani amefunikwa gunia.

"Madamu," alisema Komendatore, "tuko tayari kusikia uamuzi wako."

Ersilia akavuta pumzi.

"Safu hii mimi hapana kata," alisema Madamu.

Komendatore akatabasamu kama ambaye hajasikia. "Tulikubaliana wanne, Madamu."

"Kubali, ndiyo, kabla ona. Sasa ona. Safu ya baleti ni kitana. Toa jino moja, nywele inacheka wewe. Petersburg, mtu anavunja kitana, sisi peleka yeye Siberia."

Bwana wa gazeti akaandika neno Siberia.

"Lakini gharama..."

"Basi kata. Kata mmoja tu. Mimi treni ya leo, Paris." Na fimbo ikagonga sakafu.

"Ravasio, usitutie aibu," alisema Baronesa, akimpapasa mbweha wake. "Hawa watu sanaa wanayo kwenye damu. Sisi tunajua nini?"

Komendatore akainama mbele ya binti wa muuza utumbo. Walionyimwa haki yao kwa lugha yao wenyewe, wakapewa kwa lugha mbovu ya bandia! Jina lililokuwa mdomoni mwa Ersilia likarudi chini polepole, likikwaruza koo.

Wasichana walikuwa wakikumbatiana pale fimbo ilipoinuka tena.

"Ile. Nyuma, kushoto. Kuja mbele." Ersilia akaja. Madamu akamsimamisha katikati ya safu ya kwanza, hatua moja kutoka kwenye fimbo. "Hapa, siku zote. Mimi taka ona wewe."

Kukumbatiana kulikoma.

Jioni, kabla ya onyesho, aliingia chumba cha kuvalia. Titina alikuwa akijipaka poda bila kumtazama.

"Siku ile bombani ulichelewa," alisema.

"Maji yalikuwa yanatoka kwa matone."

"Ukarudi sikio jekundu."

"Nililikuna."

"Umeuza nini, Ersilia?"

"Sijauza kitu."

"Tumebaki wote, sawa, tunamshukuru Mungu. Lakini katika nyumba hii hakuna anayepelekwa mbele bure. Si wewe uliyetufundisha?"

Ersilia akafumbua kinywa. Neno moja tu, na angekuwa safi mbele yao. Na asubuhi Komendatore angelinywa neno hilo pamoja na kahawa yake, akaenda zake kutafuta Mrusi wa kweli, na chungu cha mamake kingepoa sawa na cha mama yake Titina. Akakifumba.

"Nifungie ndoano za mgongoni," alisema. Miaka yote walikuwa wakifungiana.

"Mwambie Mrusi wako."

Akajifunga mwenyewe, mikono imepinda nyuma, akipapasa. Ndoano moja ya katikati hakuifikia. Kengele ikalia. Akatoka akasimama mbele, kwenye mwanga ambao hakuwahi kuufikia, na wote waliokuwa nyuma yake waliiona ile ndoano iliyo wazi, na hakuna aliyesema.