Mtani Mbele ya Jeneza

Eliaichi alijilaza chali mbele ya gari la maiti, kanga yake nyeusi ikanywa vumbi la Mbezi, akasema hatoki. Waombolezaji wakacheka huku wakifuta machozi. Mpare kumzuilia Mchaga maiti wake ni utani wa tangu mababu: mwenye msiba hutoa chochote, gari huondoka, na ni mwiko mtu kukasirika.

Godlisten, aliyekuwa akimpeleka mama yake kuzikwa Moshi, akachomoa noti za elfu kumi.

"Zirudishe mfukoni, mtani," Eliaichi akasema. "Mie leo nataka maneno."

"Jamani, Mpare kakataa hela," mtu akasema nyuma. "Huu msiba mkubwa."

Lakini kicheko hakikufika mbali. Wengi walijua kwamba mwaka uliopita Eliaichi alikuwa mkurugenzi wa wakala wa mabasi ya jiji, na Godlisten mwenyekiti wa bodi. Madiwani walikuwa wakivutana, hawa wakitaka mabasi mapya yaende Temeke, wale wakitaka Kinondoni kwanza. Wasichojua ni kwamba Godlisten alipita kila upande kwa siri, akiwashauri wasipitishe bajeti mpaka wenzao walegee. Bajeti ikakwama, matairi yakaisha, mabasi yakalala karakana. Kisha akawaambia waandishi wa habari kuwa mkurugenzi ni mzembe. Eliaichi akafukuzwa kama mbwa aliyedokoa nyama, na tangu hapo hakuna ofisi iliyotaka kulisikia jina lake. Aliupata ukweli baadaye, nusu kwa Naima, diwani wa Temeke, nusu kwa Kornelio wa Kinondoni. Wawili hao walikuwa hawasalimiani.

"Naima yule pale, Kornelio yule," akasema. "Waambie ni nani uliyemshauri akwamishe bajeti. Kisha mama aende akapumzike."

Godlisten akainama, akamnong'oneza kwamba huyu ni mama yake, asimfanyie hivi.

"Alikuwa mtani wangu kabla wewe hujawa mwenyekiti," Eliaichi akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Nisingelala hapa, angenilaani."

Hapo Godlisten akafanya kosa. Alikasirika. Akamwita askari aliyekuja kuongoza magari, akamwamuru amwondoe huyu mwanamke. Minong'ono ikazuka. Demetria, mdogo wa marehemu, akateremka garini taratibu.

"Mtani hatolewi na polisi," akamwambia Godlisten. "Ukimgusa, dada yangu haondoki hapa. Jibu ulichoulizwa."

Godlisten alimtazama mama yake mdogo, akatazama jeneza.

"Niliwashauri wote," akasema. "Naima na Kornelio. Nilitaka ikwame."

"Na mkurugenzi?" Demetria akauliza.

"Hakuwa na kosa."

Eliaichi akainuka, akajipangusa, akaweka kiganja kwenye kioo cha gari. "Nenda salama, mnywa mbege," akamwambia marehemu, akimtania mara ya mwisho kwa pombe ya ndizi ya Wachaga.

Nyuma, kwenye basi dogo la wasindikizaji, Naima alishuka na begi lake. Kornelio akafuata, kisha madiwani wengine, mmoja mmoja, bila kumuaga mfiwa. Naima akamwomba Eliaichi aje kwenye kikao kijacho cha baraza, ayaeleze haya aliyokiri Godlisten mbele ya wote.

"Nitakuja," Eliaichi akasema, macho yake kwa Godlisten, aliyekuwa akipanda gari bila diwani hata mmoja wa kumsindikiza. "Ngoja kwanza nimtazame anavyoondoka."