Majivu, Ndimu na Kitanda cha Chuma

Jumatatu asubuhi Mama Victorine alikata ndimu kumi na mbili katikati, akachekecha majivu ya jikoni kwa kitambaa chepesi mpaka yakawa laini kama unga wa muhogo, akamimina chumvi ya Uvinza kwenye kopo, kisha akaketi kwenye baraza ya bosi wake kungoja ruhusa. Nyumba ilikuwa mlimani, juu ya bandari ya Kalemie, na kwa miaka sita yeye ndiye aliyeisafisha. Miaka yote hiyo alitumia dawa ya buluu iliyokuja kwa meli kutoka Bujumbura, kopo lake limechorwa fuvu la kichwa. Ilikuwa dawa kali. Iliondoa madoa, ikaondoa na ngozi ya vidole vyake, ikamwachia kikohozi kisichoisha. Sasa meli ilikuwa imeharibika, dawa imekwisha, na mke wa bosi, Mama Monique, alishinda akipitisha kidole juu ya makabati na kukitazama kwa huzuni.

"Majivu?" aliuliza Mama Monique. "Mu nyumba ya Direktere?"

"Njo vile bamama zetu walikuwa wanasafisha," alisema Mama Victorine. "Majivu kwa chuma, ndimu kwa madoa, majani ya papai kwa nguo. Haiunguzi muntu."

"Basi fanya. Lakini isinuke kijiji."

Direktere mwenyewe, Ilunga, aliongoza Biro ya Ugawaji wa Vifaa vya Jamii. Siku hizo za Zaire hakuna aliyeruhusiwa kuitwa bwana. Wote walikuwa sitwayeni, yaani raia, watu wa daraja moja, na Sitwayeni Ilunga alikuwa raia mwenye viti arobaini. Kila kilicholetwa kwa ajili ya shule, misheni na hospitali kilipitia mikononi mwake akigawe, na vingi, kwa uchovu wa safari, vilibaki nyumbani kwake vikipumzika. Vilipumzika sebuleni, ukumbini na chumba cha wageni. Humo chumbani mwa wageni kilipumzika kitanda cha chuma cha rangi ya kijani, kimoja kati ya sita vilivyoletwa kwa ajili ya wodi ya wazazi. Vile vitano vilikwenda kupumzika kwa wakubwa wengine wa mlimani.

Mama Victorine alikijua kitanda hicho vizuri kwa sababu ya binti yake, Odile. Mwaka uliopita Odile alijifungua pale hospitalini juu ya saruji, kwenye mkeka, wakati wa mvua. Mtoto alipata baridi, akaishi siku tatu. Sasa Odile alikuwa na mimba tena, ya miezi tisa, na wodi bado haikuwa na kitanda hata kimoja. Kila asubuhi Mama Victorine alipokitandika kile cha kijani moyo ulimuuma, akakitandika hivyo hivyo, maana mfanyakazi aliyemtangulia alifukuzwa kwa sababu ya glasi moja.

Jambo lilianza na kijiko cha chai. Mama Victorine alikuwa nacho nyumbani kwake Kataki, na tusimpambe: alikitoa kwa siri nyumbani kwa bosi, ndani ya kitambaa cha kichwani, miaka miwili nyuma. Jumanne alfajiri alikisugua kwa majivu na ndimu pamoja na vyombo vyake vingine, akaviacha vyote juani. Sufuria zilikaa na sahani zikakaa. Kijiko kilisimama kwa ncha yake, kikashuka kwenye kichanja na kushika njia ya mlimani. Alipofika kazini alikikuta kwenye droo ya bosi, kimetangulia. Aliona haya, akakiosha tena ili kufuta habari hiyo. Kijiko kikatoka upya, safari hii kupitia dirisha la jikoni, na saa nne ilijulikana kwamba kimefika kwa masista wa misheni na kuingia kabatini pamoja na wenzake kumi na mmoja.

Kumbe kitu kikitakata kabisa hukumbuka kwao. Dawa ya buluu haikuwahi kukisafisha kitu kiasi hicho.

Jumatano Mama Victorine alisafisha sebule, kama ratiba ilivyotaka. Alasiri viti kumi na vinane viliteremka mlima kwa mstari, vikaenda kwenye shule ya msingi, vikajipanga nyuma ya madawati yaliyobaki. Alhamisi taipureta ilifuata. Papa Jean, mlinzi wa lango, alikidai kila kiti karatasi ya kutoka, na kwa kuwa hakuna kiti kilichokuwa nayo, aliandika kwenye daftari "kimekataa kujibu" na kukifungulia.

Mama Monique hakukasirishwa na kutembea kwa viti. Alikasirishwa na wageni wa Jumapili.

"Watakaa wapi?" aliuliza.

"Kwa mukeka, Mama," alisema Mama Victorine.

"Wakubwa wa chama, kwa mukeka?"

"Hospitali bamama wanazalia palepale, Mama. Haiko mubaya sana."

Alilisema bila kuinua macho kutoka kwenye ndoo. Mama Monique alimtazama kidogo, akaenda kuangalia mapazia kama bado yapo. Direktere aliporudi kutoka kazini alipewa habari akiwa anafungua vifungo vya koti lake la abakosi. Alisema kwamba kitu cha Biro hakitembei bila karatasi, kwa hiyo viti havikuwa vimetembea, na akala samaki wake amesimama.

Ijumaa jioni mkunga wa wodi, Mama Thérèse, alimpima Odile tumbo kwa mikono yote miwili.

"Kesho ao kesho kutwa," alisema. "Na mutoto amekaa vibaya kidogo. Kwa chini siwezi kumugeuza muzuri, magoti yangu yamekufa. Ningekuwa na kitanda, ningesimama."

Mama Victorine alikwenda nyumbani akachekecha majivu mengine.

Tatizo lilikuwa Hippolyte. Huyu alikuwa mdogo wake Direktere, amekuja kutoka Kabalo kutembea wiki mbili, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu juu ya kile kitanda cha kijani. Jumamosi ndiyo siku aliyolala kuliko zote, maana Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya umma ya lazima, mji mzima barabarani na fagio na majembe, na Hippolyte alikuwa na mgongo uliouma siku hiyo tu. Basi Mama Victorine alimsafishia kitanda akiwa juu yake. Alianza na miguu minne kwa majivu na mchanga wa ziwa, akapanda kwenye vyuma vya pembeni kwa ndimu na chumvi, akamwinua Hippolyte mkono mmoja mmoja kama mtu anayefuta chini ya chupa, akamrudisha. Alikuwa na hofu kwelikweli, jasho lilimtoka mpaka kwenye ndimu. Kufikia saa tatu chuma kiling'aa. Kitanda kikanyanyua mguu wa mbele, kikapinda ubavu kupita mlangoni na kutoka.

Kiliteremka taratibu ili kisimwangushe mtu. Kwenye reli kilisimama na kungoja treni ya Kabalo ipite. Wenye fagio walikipisha, wakafagia nyuma yake. Papa Pontien, aliyekuwa na kazi ya chama ya kuandika watoro wa salongo, alitembea kando ya kitanda hatua ishirini nzima akitafuta safu ya kumwandika Hippolyte. Hatimaye aliandika "amehudhuria, amelala", akaenda zake akiwa ameridhika.

Mlangoni mwa wodi Mama Thérèse alimgusa Hippolyte bega.

"Papa, shuka. Hapa ni ya bamama."

Hippolyte alishuka, akauliza chakula ni saa ngapi, akarudi mlimani kwa miguu. Papa Siméon, karani wa hospitali, aliandika kwenye kitabu cha vifaa: kitanda kimoja, kijani, kimefika chenyewe.

Jumapili asubuhi Odile alipandishwa juu yake. Mama Thérèse alisimama wima, akamgeuza mtoto, na saa saba mchana mtoto alilia kwa sauti kubwa mpaka wagonjwa wa wodi ya pili walijua ni mvulana. Mama Victorine aliishika ile miguu midogo yenye joto, akalia naye. Walimwita Kitanda. Karani wa vizazi aliliandika jina bila neno, kwa kuwa majina ya Kizungu ndiyo yaliyokatazwa kwenye vitabu vya Serikali, na hilo halikuwa la Kizungu.

Jumatatu lori la Biro lilirudi nyuma mpaka mlangoni mwa wodi. Direktere alikuja nalo yeye mwenyewe, na karatasi yenye mihuri mitatu.

"Kitanda hiki kingali kwenye ugawaji," alisema.

"Kuna muzazi juu yake," alisema Mama Thérèse.

"Karatasi haisemi mzazi."

Odile alishushwa chini na mtoto wake kifuani. Papa Siméon aliongeza mstari kitabuni: kimeondoka kwa msaada. Lakini Direktere hakuwa mjinga. Kabla ya kupakia aliagiza kitanda kipakwe tope la mtaroni, miguu yote minne, na tope lilipokauka kitanda kilitulia kama mbuzi aliyefungwa. Kisha akasoma agizo jipya, akiwa amesimama juu ya ngazi ya lori: ni marufuku kutumia majivu, ndimu, chumvi na majani ya papai katika makazi ya wakuu, na uchafu wote uliomo humo kuanzia leo ni mali ya Serikali.

Watu walisikiliza na kupiga makofi, kama walivyozoea kila agizo linapokwisha.

Lori lilipitia shuleni kuchukua viti, na mkurugenzi wa shule alisaidia kupakia. Mwezi haukuisha mlima mzima ulikuwa umeacha kuosha vitu. Wenye vile vitanda vitano walipaka tope mapema, wengine walipaka hata vijiko, na ukiingia kwenye baraza ya mtu uliweza kujua cheo chake kwa ukoko wa uchafu. Miaka ilipopita Mama Monique alijifunza kuusifu. "Huu wa miaka miwili," aliwaambia wageni, akiwaonyesha kabati.

Mama Victorine hakufukuzwa. Direktere alisema hakuna anayeijua nyumba kama yeye, naye alikuwa na Odile na mjukuu wa kulisha. Nyumbani kwake Kataki anasugua kila kitu kwa majivu na ndimu, na hakuna kinachoondoka. Mlimani kazi yake ni moja. Kila Jumamosi, kabla ya salongo, tope hupasuka kidogo kwenye chuma cha kijani, kitanda huanza kuchezesha mguu, na kule chini daima kuna mwanamke anayetandika mkeka wake juu ya saruji. Mama Victorine huja na ndoo ya tope, akapiga magoti, na moyo wake bado unauma.

"Pole," hukiambia. Kisha huanza na mguu wa mbele.