Kuvumwani, Chiriku na Kabati Moja

Paa la chumba cha sampuli lilivuja, kabati moja likaoza, na mkuu wa idara akatangaza kwamba chuo kimebakiwa na kabati moja tu. Humo itaingia kuvumwani au ataingia chiriku. Kitakachobaki nje kitatupwa.

Kuvumwani, ule ujani laini unaotanda kama zulia kwenye kuta zenye unyevu, ilikuwa kazi ya Mama Mapacha: miaka ya kubandua, kukausha na kufunga kwenye karatasi. Ndege walikuwa wa Baba Mapacha. Wawili hao, wote walimu wa idara hiyo, walishaachana, na walipogawana vitu vya nyumbani walifuata kanuni moja: kila mtu na alichokuja nacho. Baba Mapacha aliondoka na redio.

Mkuu akawataka walinganishe. Baba Mapacha, ambaye hajawahi kupungukiwa maneno, akasimulia chiriku anavyoimba, rangi zake, na wanafunzi wanavyomkodolea macho. Akauliza ni nani amewahi kusimama njiani kusikiliza kuvumwani. Mkuu akacheka. Mama Mapacha akamngoja amalize.

"Kuvumwani haina mizizi, na haijawahi kuhama," alisema. "Chiriku ana makucha ya kushikia, na hakai."

"Mzazi mwenzangu, tunazungumzia ndege."

"Na mimi pia."

Mkuu akatazama saa, akachagua chiriku.

Baba Mapacha akaleta fahari yake: chiriku aliyekaushwa, ametulia ndani ya kiota chake halisi. Mama Mapacha akavaa miwani, akashika kibano, akaanza kukichambua kiota, uzi baada ya uzi, akipanga kwenye sahani.

"Unafanya nini, Mama Mapacha?"

"Nachukua changu. Kila mtu na alichokuja nacho."

Kiota karibu chote kilikuwa kuvumwani. Aliendelea bila papara mpaka chiriku akalala ubavu juu ya vijiti vichache na unyoya mmoja. Hata mkuu aliona haya kumtazama.

Baba Mapacha akamwambia mkuu, kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida yake, kwamba wote wakibanana wataenea kabatini.

Mama Mapacha akakisuka kiota upya, kikatoka imara kuliko mwanzo. Kuvumwani ikachukua rafu zote isipokuwa moja. Ufunguo wa kabati alibaki nao yeye, kama alivyobaki na ule wa nyumba.