Mlio wa Pili

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo wanavyosema wajenzi wa nyumba. Kwa fundi wa matairi mambo ni kinyume: kwenye rimu, ukiziba ufa utachimba kaburi. Mwaija aliyapata maneno hayo kwa mjomba wake, Mbaruku, fundi mkongwe wa Handeni mjini, aliyemfundisha kazi kwa miaka sita. Ndiyo maana simu ya mjomba ya asubuhi ile ya Jumatano ilimkaa vibaya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kuna Mmasai mmoja, Tajeu, atapita hapo kwako na Fuso. Gurudumu la mbele linapungua upepo kidogo. Mwongezee aende zake. Usijisumbue kulivua."

"Nisipolivua nitajuaje linapungulia wapi?"

"Nimekwambia ni kidogo." Mjomba akakohoa. "Ongeza upepo tu."

Simu ikakatwa. Mwaija alibaki ameishika kama mtu aliyepokea sahani isiyo yake. Mjomba Mbaruku hakuwa mtu wa simu. Akiwa na neno alisubiri msiba au harusi, akalisema akiwa ameketi. Tena ni yeye aliyemzoesha kwamba tairi likipungua linavuliwa, hata kama mteja ana haraka ya kwenda kuzika. Upepo hauna miguu, alikuwa akisema, hautoki mpaka ufunguliwe mlango.

Kibanda cha Mwaija kilikuwa Old Korogwe, kando ya barabara inayotoka Handeni: mabati manne juu ya nguzo, karai la maji ya sabuni, mitaimbo, kizimba cha nondo nene cha kujazia magurudumu ya malori, na kompresa. Kompresa ilikuwa ya mjomba. Alimkabidhi mbele ya mama yake kwa maneno matatu: "Tumia mpaka nitakapoitaka." Na kwa Wazigua mjomba si mtu wa kubishana naye. Baba amekuzaa, lakini mjomba ndiye mwenye wewe. Akinuna, hata mama yako mzazi anahamia upande wake.

Fuso ilifika saa nne, imejaa samadi ya ng'ombe, imelala kidogo upande wa kushoto. Akashuka mwanamume mrefu wa makamo mwenye shuka la bluu na kofia ya kampuni ya mbegu. Ndani alibaki mwanamke aliyempakata mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi, au umemshikia fundi nafasi?"

"Ndiye mimi. Fundi mwingine ukimtaka utamsubiri sana."

Tajeu alimtazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. "Ng'ombe hukaguliwa meno. Fundi anakaguliwa wapi?"

"Kwenye magurudumu anayoyatoa. Hebu nilione lako."

"Mjomba wako kasema ni kuongeza upepo tu."

"Nimemsikia."

"Basi ongeza. Nina samadi ya watu wa Kwashemshi, na ule mlima wa kwenda huko haupandwi jua likishakuwa kali, injini inachemka."

Mwaija alichuchumaa. Rimu ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, mpya, inang'aa kama sufuria ya bi harusi. Akatazama nyingine za lori lile. Zote zilikuwa na kutu na matope ya miaka. Mtu anayepaka rangi rimu moja kati ya sita, aliwaza, hapambi lori.

"Hii rimu umeipata wapi?"

"Kwa mjomba wako, wiki mbili sasa. Ile ya zamani ilipinda. Tangu nimefunga hii, kila asubuhi naikuta imelala. Handeni wameijaza mara tatu. Nyinyi mafundi mnajuana, mmoja anatoboa, mwingine anaziba."

"Ningekuwa nakutoboa ningekwambia ukae mbali. Kaa hapa hapa utazame mikono yangu."

"Nitatazama," alisema Tajeu, akavuta kigoda karibu.

Mwaija hakumtii mjomba. Alipiga jeki, akalitoa gurudumu, akalilaza chini, akalibandua tairi. Alipitisha kiganja ndani taratibu: hamna msumari, hamna mkato. Akasafisha midomo ya tairi, zile kingo mbili nene zinazokaa kwenye rimu na kuzuia upepo, maana tairi lile halikuwa na mpira wa ndani. Akaipaka maji ya sabuni ili iteleze, akalirudisha tairi kwenye rimu, akalitia gurudumu kizimbani. Kisha akang'oa kisindano cha valvu ili upepo uingie kwa nguvu zote bila kizuizi.

"Hapo unasikiliza milio miwili," alimwambia Tajeu. "Mdomo wa nyuma ukikaa, pa. Wa mbele ukikaa, pa. Ukisikia mmoja tu, usilipande lori."

"Kwa mjomba wako ililia mara mbili. Nilikuwepo."

Akafungulia upepo kwa mpira mrefu, amesimama mbali na kizimba. Tairi likajivuta, likatanuka kama shavu la mpiga baragumu. Pa. Mlio wa kwanza ulikuwa mkavu, safi. Wa pili ukachelewa. Ulipokuja ulikuwa kama kikohozi cha mtu anayeficha ugonjwa.

"Miwili," alisema Tajeu.

"Umeusikia wa pili?"

"Nimeusikia. Si umelia?"

Mwaija alirudisha kisindano, akaongeza upepo kidogo tu, akamwagia maji ya sabuni kwenye ukingo kwa kata. Povu likaanza kuota sehemu moja, chini ya rangi ya fedha, vipovu vidogo vikipandana. Si kwenye mdomo wa tairi. Kwenye chuma.

Akatoa upepo wote, akalibandua tairi tena, akabaki na rimu tupu. Akaining'iniza kwenye mtaimbo, akaigonga kwa nyundo ndogo. Rimu nzima ikigongwa huimba. Hii iliita mara moja, ikakauka, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya jina.

Sauti ile aliijua.

Alisoma Sindeni, darasa la kwanza mpaka la saba. Kengele ya shule yao ilikuwa rimu ya lori iliyofungwa mnyororo kwenye mkwaju, na darasa la sita yeye ndiye aliyekuwa kiranja wa kengele. Waliigonga kwa boliti la reli, daima pale pale kwenye ukingo, kwa sababu pale ndipo ilipolia mpaka mashambani. Kwa miaka ishirini watoto walipiga pale pale mpaka chuma kikaingia shimo la ukubwa wa kidole gumba. Mwaka jana alikwenda Sindeni kwenye arobaini, akaikuta kengele imekauka sauti. Baadaye akasikia mjomba Mbaruku amewapelekea rimu nyingine, bure, na ile mbovu ameichukua akaitupe. Msikitini walimwombea dua.

Akachukua msasa, akasugua ukingo. Rangi ikatoka, na chini yake kikajitokeza kidonda cha kuchomelea, kimejaza shimo la ukubwa wa kidole gumba. Kutoka hapo mstari mwembamba kama unywele ulishuka mpaka pale tairi linapokalia. Akageuza rimu. Tundu moja la boliti lilikuwa limeliwa upande mmoja, limelainika, kama linavyoliwa na mnyororo.

"Umeona nini?" Tajeu aliuliza. Alikuwa amesimama.

Mwaija aliiweka rimu chini. Angeweza kusema rimu imechoka, mzee, tafuta nyingine, akaishia hapo. Jina la mjomba lisingetajwa, na kompresa ingebaki chini ya mabati yake. Lakini rimu ingerudi Handeni na Tajeu, ingepakwa rangi upya, ingekwenda kwa mwingine.

Kutoka kwenye lori yule mwanamke aliuliza, "Fundi, mlima tutaupanda?"

"Wewe pia unakwenda, mama?"

"Naenda. Upande huo huo wa gurudumu ndiko ninakokaa."

Huyo alikuwa Nasieku, mke wa Tajeu. Mtoto alikuwa amelala mdomo wazi.

"Hampandi," alisema Mwaija. "Mzee, hii ilikuwa kengele ya shule. Nimeipiga kwa mkono wangu huu. Imepasuka, ikachomelewa, ikapakwa rangi."

Tajeu alicheka, kicheko kisichofika machoni. "Kengele. Kesho utaniambia usukani wangu ulikuwa sinia. Unataka kuniuzia rimu yako."

"Tazama kibandani. Unaona rimu ya kuuza?"

Tajeu alitazama. Hakuona. Hata hivyo hakuridhika, akatoa simu, akampigia Mbaruku, akaweka sauti ya wazi.

"Mzee Mbaruku, mpwa wako anasema umeniuzia kengele."

Sauti ya Mbaruku ikashuka.

"Mwaija yupo hapo?"

"Nipo, mjomba. Nimesugua rangi. Mwambie mwenyewe, nisimwambie mimi."

"Nimwambie nini? Rimu ni nzima. Tajeu, huyo mtoto nimemfundisha mimi, lakini kichwa chake kimekwenda mbele ya mikono. Mwambie ajaze. Naapa, ni nzima."

"Mjomba, usiape."

"Jaza. Kiwango chake cha barabarani, kamili. Simu iache wazi, nisikie."

Tajeu alimtazama Mwaija. Sasa alikuwa akiwashuku wote wawili kwa usawa, na hilo Mwaija alilielewa. Akalirudisha tairi, akapaka sabuni, akalisukuma gurudumu ndani ya kizimba, akafunga komeo. Kizimba kile mjomba alikichomelea mwenyewe, nondo kwa nondo, akisema hakuna mpwa wake atakayeuawa na chuma cha mtu. Mwaija akamwomba Nasieku ashuke na mtoto wakae nyuma ya ukuta wa duka la jirani. Tajeu akasogea nyuma ya lori na simu yake. Mwaija akaunyoosha mpira mpaka mwisho, akajificha nyuma ya kisiki kilichokuwa kando ya kibanda, akafungulia.

Pa. Kisha kile kikohozi. Geji mkononi mwake ikapanda. Nusu ya kiwango. Robo tatu. Povu kwenye ukingo lilichemka kama maziwa. Kabla sindano haijafika kwenye kiwango, rimu ililia.

Haikuwa pa. Ilikuwa kengele, pigo moja kubwa, lililokwenda mpaka ng'ambo ya barabara na kurudi. Kipande cha ukingo kirefu kama kiganja kilichomoka, kikagonga nondo, kikaipinda kama upinde. Vumbi likapanda. Mtoto wa Nasieku akaanza kulia nyuma ya ukuta.

Tajeu alikiendea kile kipande, akakitazama bila kukigusa. Upande ule ilikopindia nondo ndipo alipokuwa ameweka kigoda chake hapo awali. Akainua simu.

"Umesikia, mzee?"

Mbaruku alikuwa amekata.

Tajeu hakusema asante. Alikiokota kipande kilipopoa, akakifunga kwenye pembe ya shuka lake. "Hiki kitakwenda mnadani, kwa wauza ng'ombe," alisema. "Wenzangu watatu wana rimu za rangi ya fedha, kawauzia mjomba wako."

Ijumaa baada ya swala, pikipiki ya matairi matatu ilisimama mbele ya kibanda. Mbaruku aliteremka na kanzu yake ya msikitini, na nyuma yake Maryamu, mama yake Mwaija, macho chini. Mwaija alitandika mkeka. Mjomba hakuukalia.

"Shikamoo, mjomba. Shikamoo, mama."

Mama aliitikia. Mjomba aliiangalia nondo iliyopinda, muda mrefu, kama anayeipima.

"Tangu jana hakuna Mmasai anayesimama kwangu," alisema. "Mnadani wanapitisha kipande cha chuma mkono kwa mkono kama kitoto kichanga. Uliijaza kupita kiwango."

"Geji ile pale. Ni yako. Haikufika."

"Ulijua ni mimi."

"Nilijua tangu uliponiambia nisilivue."

"Na bado ukavua."

"Ulinifundisha kuvua."

Mjomba alifungua mdomo. Kwa kitambo Mwaija alidhani atasema lile neno alilolisubiri siku mbili, nimekosa. Badala yake Mbaruku aligeukia dada yake. "Maryamu, mwanao amenivua nguo mbele ya watu. Apige magoti hapa, aniombe radhi, kisha aende mnadani akawaambie alikosea kipimo. La sivyo, kompresa yangu naondoka nayo, na mimi si mjomba wake tena."

"Mwanangu," Maryamu alisema kwa sauti ndogo, "neno halivunji mfupa. Mwombe tu. Ni mjomba wako."

Mwaija alimtazama mama yake, akamtazama mjomba. Mikono ile ilimshika ya kwake alipokuwa hajui hata kushika mtaimbo. Kisha akaenda kwenye kompresa, akazima, akatoa upepo uliobaki mpaka ukaisha kabisa, akafungua mpira wake, akauzungushia mkononi. Akaisukuma kompresa kwa magurudumu yake mpaka kwenye pikipiki, akaweka jiwe isirudi nyuma.

"Mpira ni wangu, nilinunua mwenyewe," alisema. "Kompresa ichukue, mjomba, na geji nayo. Ukizipata zile rimu tatu, zikate, usizipake rangi. Ukikaa nitakuletea chai, ukiugua nitakuja kukuuguza. Lakini radhi sikuombi. Leo siombi, na mnadani siendi."