Gogo Lililoitwa Edna

Glenys alikuwa anaangalia mlango tu. Mlango wa kabini ya ekskaveta, ile mashine ya kuchimbia, basi. Chuma kinachong'aa aliwaachia wanaume.

"Umeona, mke wangu? Umeona hiyo kitu?" Clarrie anapiga kelele kutoka kabini, kofia imekaa upande, mzee mzima ana furaha kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Mkononi mwa ekskaveta kulikuwa na parafujo la chuma, nene kama ndoo, ncha kama karoti. Likazunguka, likazama kwenye gogo la jarrah, mti mgumu wa huko, kraaa! Gogo vipande viwili! Ndege wote wakahama uani.

"Hii ndiyo yenyewe, mzee," akasema Brodie, kijana muuzaji aliyewaletea vifaa viwili kutoka mjini Bunbury wavijaribu. "Nyepesi, mashine yako ndogo inaibeba bila kulalamika. Ile nyingine nzito, halafu polepole."

Ile nyingine ilikuwa bado kwenye trela: makucha mawili makubwa, katikati kabari. Mbaya kama jino bovu.

"Brodie, haya magogo umekuja nayo wewe?" Glenys akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Yamenyooka hivi, hata mimi nayapasua na kisu cha siagi. Ijaribuni kwa Edna."

Clarrie akageuza macho pembeni ya uwanja.

Huko kwao kila mkata kuni ana gogo moja lililomshinda, linakaa pembeni ya uwanja na jina lake. La Clarrie alilipa jina la mama mkwe wake, tena mbele ya mama mkwe mwenyewe, siku ya Krismasi! Bibi Edna alicheka mpaka sahani ikamponyoka. Sasa bibi hayupo, gogo lipo: lina panda, nyuzi zimesokotana kama kamba, linamfika Clarrie kifuani.

Na msimu wa baridi uliopita ndilo lililomwangusha. Alikuwa analipigia kabari kwa nyundo, akateleza, mgongo ukagoma. Glenys alimkuta amelala kwenye tope, mvua inampiga usoni, anasema, "Mama yako kanipiga." Glenys akacheka ili amfurahishe, halafu akaenda kulia bafuni. Daktari alisema akianguka tena, kazi ya kuni basi. Na Clarrie bila kuni? Alipolazwa kwenye kochi alikuwa anachungulia dirishani kama mbwa aliyeachwa nyumbani. Glenys hakutaka kuyaona tena yale macho. Alitaka mume wake afanye kazi, lakini afanye akiwa amekaa kulekule juu kwenye kabini.

Parafujo likamwingia Edna. Ufa ukatokea upande mmoja, ila nyuzi zikashikilia, hazikatiki. Clarrie akazima, akachukua shoka, akafungua mlango, mguu mmoja nje.

"Clarrie!"

"Nakata hizi nyuzi tu, mpenzi, dakika moja."

"Rudisha huo mguu."

Mguu ukarudi. Brodie akabadilisha kifaa huku akinung'unika, Edna akageuzwa upande wa panda, ambao haujaguswa. Makucha yakamng'ata. Mashine ikainama mbele, nyuma ikanyanyuka!

"Mvute karibu, mzee! Karibu na mashine!"

Clarrie akamvuta Edna kama anamkumbatia. Kabari ikasukuma, taratibu. Edna akalia, akalia tena, halafu paa! Makucha hayakuachia. Yakageuza kipande, yakang'ata upya. Nyuzi zikakatika zenyewe. Mlango umefungwa muda wote.

Clarrie akatoa kichwa dirishani. "Polepole mno hii."

"Na wewe ni polepole, mbona nimekaa na wewe maisha yote?"

Clarrie akamtazama mkewe. Akautazama mlango, akalitazama shoka pembeni ya kiti chake. Kofia akaivua, akaivaa tena.

"Brodie, parafujo lako rudi nalo. Tunachukua hii mbaya."

"Hii? Una uhakika, mzee?"

"Mke wangu huwa anapenda vitu vibaya. Mimi si huyu hapa?"

Brodie akacheka mpaka akashika trela. Clarrie akafungua mlango, akaanza kushuka, ameshika chuma kwa mikono miwili.

"Unaenda wapi tena wewe?" Glenys mikono kiunoni.

Clarrie akaokota kipande cha Edna, chekundu kama nyama, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Nampeleka mama yako ndani. Amekaa sana nje kwenye baridi."

Glenys akamshika kwapani, wakaenda pamoja, polepole.