Bahasha ya Heche

Regina aliigeuza bahasha mara ya pili, akitafuta alama ya dole gumba lake. Haikuwepo. Juu ya gundi palikuwa na sahihi nzuri ya mtu aliyesoma, na chini yake, karani wa mahakama alivyomsomea, jina lake yeye.

Hajawahi kushika kalamu. Siku alipopeleka simu kituoni, Koplo Faridu mwenyewe alimshika mkono, akamkandamiza dole kwenye wino. "Ushahidi ukishafungwa hivi, mama, hata mimi siwezi kuufungua." Na yeye, maskini wa watu, akamshukuru.

Aliwatazama mmoja mmoja: karani, mawakili, koplo kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyemtazama.

"Unaitambua simu hii?" aliuliza wakili wa serikali.

"Ni yangu. Ndiyo nilimrekodi nayo mume wangu."

Video ikawashwa ukutani. Heche akaonekana juu ya rundo la mawe ya mgodi, kule Kerende walikozoea kuokota mabaki yenye dhahabu. Jiwe mkononi, mlinzi amemwelekezea bunduki. Ukuta ukabaki mweupe.

Regina alingoja. Nyumbani aliitazama mpaka akaikariri: hapo Heche anaachia jiwe, anainua mikono yote miwili, ndipo bunduki inalia.

"Malizieni."

"Imeisha, mama."

Wakili wa mlinzi alisimama bila haraka. "Kwa hiyo marehemu alikuwa na jiwe."

"Aliliachia! Akainua mikono, mlinzi akampiga risasi! Hapo pamekatwa!"

"Na sahihi hii?"

"Mimi sijui kuandika, baba. Nilitia dole."

Wakili akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemvusha mama mkwe wake mtaro. "Mheshimiwa Jaji, shahidi wa Jamhuri mwenyewe anasema kielelezo kimechezewa. Sina swali zaidi."

Regina alielewa akiwa ameshasema. Angenyamaza, Heche angebaki mshambuliaji. Amesema kweli, na sasa Heche hana ushahidi.

Video ilikataliwa. Jamhuri haikuwa na shahidi mwingine, na mlinzi akaachiwa huru, akapita mbele yake akinyoosha kola ya shati.

Jaji alikuwa amekasirika kwelikweli. "Aliyechezea ushahidi huu atafutwe," aliamuru. "Kielelezo kirudi kituoni, kituo kichunguze, kilete ripoti."

Koplo Faridu alitoka kwenye benchi la nyuma, akapiga saluti, akaipokea bahasha kwa mikono miwili.