Ndoo Tupu ya Marieta

Kijijini Maretadu mtu hatembei bure. Ukionekana njiani huna jembe, huna kuni, wala huendi msibani, basi unakwenda kwa mtu, na mtu huyo hutajwa kwa kunong'ona. Marieta alilijua hilo, ndiyo maana jioni alipoanza kupanda kilima cha nyuma ya kanisa alibeba ndoo. Kosa lake ni kwamba aliirudisha tupu, na kisima chenyewe kiko upande mwingine kabisa.

Miaka saba ya ndoa alikuwa hajapata mtoto. Hedhi ilikuja ilipotaka, na vinyweleo vya kidevuni aliving'oa kila asubuhi kabla mumewe, Hhando, hajaamka. Mwishowe alikwenda hospitali kuuliza habari za uzazi, akarudi na habari za moyo. Nesi Glory alimweleza kwamba ugonjwa huu wa homoni, unaojaza vifuko vidogo kwenye ovari, hauishii kwenye ovari. Mwili huwa kama makaa chini ya majivu: unaungua polepole miaka na miaka, huna hata homa, na vinavyoumia ni mishipa na moyo. Presha yake ilikuwa mia na sitini kwa mia. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze mafuta na atembee saa moja kila siku.

"Mtoto anaweza kuja," nesi alisema, "lakini kwanza uwepo wewe."

Nyumbani aliyaeleza yote. Mama mkwe wake, Kornelia, mzazi wa watoto tisa, alisikiliza mpaka kwenye ovari, yaliyobaki akayaachia upepo. Tumbo lililofunga, alisema, hufunguliwa kwa samli. Kila asubuhi akaleta kikombe kimejaa, akasimama pale mpaka kiishe. Ubaya ni kwamba alifanya kwa upendo, maana ng'ombe wa maziwa alikuwa mmoja tu. Marieta aliogopa kufa, lakini kumkatalia mama mkwe aliogopa zaidi. Alikunywa, na jioni akaongeza mwendo.

Jirani yao Doris ndiye aliyeleta taarifa kwamba kilimani kuna mwanamume. Lisemwalo lipo, na Hhando alikuwa Balangdalalu akinunua ng'ombe, anarudi mara mbili kwa mwezi. Kornelia akaapa kumfumania mkwe wake mwenyewe, na siku hiyo hiyo Marieta angerudi kwao. Wiki tatu bibi mzima alimfuata kwa mbali, akijibanza nyuma ya miti kama mwizi wa mbuzi. Alimwona akifika juu, akigusa jiwe, akishuka. Bwana hakutokea. Kornelia akaamua kwamba bwana huyo ni mwoga.

Siku moja Marieta akishuka alimkuta mama mkwe ameketi chini, mkono kifuani, anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Hakuna mtu, mama. Natembea nisife."

Kwa mara ya kwanza Kornelia alimtazama usoni, si tumboni. Kisha akaomba asaidiwe kuinuka.

Hospitali walikwenda wote wawili. Presha ya Marieta ilikuwa imeshuka, mia na arobaini kwa tisini, pamoja na samli yote ile. Ya Kornelia ilikuwa mia na tisini. Akalalamika kwamba amezaa tisa, kile chombo kipime tena. Kikapima tena, kikasema vilevile.

Tangu hapo wanapanda wawili, kila mtu na ndoo yake tupu, na samli inapelekwa sokoni. Jioni moja Doris aliwasimamisha njiani. Macho yake yakaenda tumboni kwa Marieta, kama kawaida, akauliza kama kuna habari. Swali hilo Kornelia alilijibu miaka saba kwa neno moja, kwamba wanamwomba Mungu.

"Habari ipo," akasema safari hii. "Moyo wake unaendelea vizuri."

Doris hakuelewa. Marieta aligeuza uso, akalia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumjibia hivyo.